Goti la Zuhura na Jibu Nililompa Daktari

Jumamosi, baada ya alasiri. Tandika.

Leo joto limekaa juu ya mabati na halina mpango wa kuondoka. Nimefua, nimeanika, nimeanua, na bado moyo wangu uko palepale nilipouacha juzi Alhamisi. Nikasema ngoja niandike. Nyie mnaopitaga humu mnanijua, mie nikikaa kimya sana ujue nina kitu.

Nina kitu.

Mwanangu Zuhura angekuwa na miaka ishirini na mitano sasa. Alifariki ana kumi na sita, kansa ya mfupa, ilianzia hapa juu ya goti la kushoto ikaenda hadi mapafuni. Hayo nilishawahi kuyaandika. Ambalo sijaliandika wala kumwambia kiumbe yeyote ni kwamba nilimchua.

Mie ndiye mkandaji wa mtaa huu, mikono nilirithi kwa marehemu mama. Mwanamke akitoka kujifungua naitwa mie na maji yangu ya moto. Mtu akiteguka naitwa mie. Basi Zuhura alipoanza kulalamika goti baada ya netiboli ya shule, amwite nani tena? Kila tukishaswali magharibi namkalisha mkekani, mafuta ya nazi na karafuu, nachua. Uvimbe ukawa unakua, na mie naongeza nguvu. Alikuwa anauma ncha ya mtandio asipige kelele. Siku moja akaniambia, "Mama taratibu basi, huo si unga wa chapati."

Nikacheka. Jamani, nilicheka.

Ilikuwa miezi saba.

Tulipofika hospitali kubwa, mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja amevaa dera la kijani, yuko na kijana wake amevimba paja. Mlango ulikuwa wazi, kila kitu tunasikia. Daktari msichana akamuuliza imeanza lini. Yule mama akasema tangu mfungo uliopita. Daktari akampandishia sauti: "Mlikuwa wapi siku zote hizo, mama? Mnakaa nao nyumbani mnasubiri nini?" Mwenzangu akatazama sakafu kama mtoto aliyevunja sahani.

Ikafika zamu yetu. Swali lilelile. Nikajibu, wiki mbili.

Zuhura aligeuka akanitazama. Mtoto wa miaka kumi na sita, mguu unamuuma vile, akamstiri mama yake.

Yule daktari msichana ni Daktari Nakijwa, Mpare wa Same. Wakati ule alikuwa bado anajifunza upasuaji wa mifupa. Alitokea kumpenda Zuhura. Alikuwa anakuja kukaa kitandani kwake hata siku ambazo si zamu yake, wanabishana nani mchezaji mzuri wa netiboli. Zuhura alipoondoka, alikuja msibani, akakaa jamvini na sie, kajifunga khanga aliyoazimwa na jirani. Halafu nikasikia kaenda nje kusoma, nikampoteza.

Jumanne iliyopita simu ikaita. "Shikamoo mama Zuhura. Ni mie Nakijwa." Nilikaa chini kwenye kigoda, maana jina la mwanangu siku hizi halitajwi tena na watu.

Alisema amerudi kitambo, ni daktari bingwa sasa, anapasua kansa za mifupa na za nyama, na siku ambazo hapasui anafanya utafiti. Kile kinyama kidogo walichomkata Zuhura kwa ajili ya kipimo bado kipo, kimehifadhiwa ndani ya nta. Anaomba idhini yangu akitumie. Nije nisaini.

Sikulala vizuri. Miaka tisa naenda makaburini kumsomea mwanangu, nikiamini mwili wake wote uko pale. Kumbe kuna kidogo kilibaki mjini.

Alhamisi nikaenda. Ana chumba kidogo nyuma ya wodi, makabati yamejaa droo, kila droo vidonge vya nta vyenye namba. Mie nikamtania ili nisilie: "Kweli nyie Wapare kwa ubahili, hamtupi kitu." Akacheka mpaka miwani ikashuka. Kaongezeka mwili, nywele za mvi mbili tatu, mikono imechoka. Akanieleza kwamba akimaliza kupasua huwa anakibeba kinyama mwenyewe mpaka maabara, hamtumi mtu. Kwamba kansa hii inapenda mifupa ya watoto wanaorefuka, hasa kuzunguka goti, na hakuna anayejua vizuri kwa nini. Wenzake aliosoma nao wana hospitali zao, yeye yuko na droo zake.

Nikamuuliza, "Mwanangu daktari, kwa nini ukachagua hii?"

Akasema, "Kwa sababu ya Zuhura, mama. Wiki mbili tu, na tayari ilikuwa mapafuni! Nilikosa raha. Nikasema lazima nijue ni kansa gani hii inayokimbia namna hii. Ndiyo nikaenda kusoma. Mpaka leo sijapata nyingine kama hiyo."

Nilihisi chumba kimeinama.

Akanisogezea fomu, akanisomea mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Jina. Umri. Mguu upi. Kisha: muda tangu dalili zianze hadi kufika hospitali, wiki mbili. Saini hapa, mama.

Mie sisaini kitu bila kusema bismillahi. Ni mazoea tangu madrasa. Nikashika kalamu, nikasema Bismillahi Rahmani Rahimi, na mkono ukagoma. Hebu fikirieni, natamka jina la Mwenyezi Mungu halafu chini yake naweka uongo? Tena juu ya mtoto aliyeko mbele ya haki?

Nikamwambia.

Nilimwambia yote, miezi saba, mkeka, karafuu, nguvu niliyoongeza. Akavua miwani.

"Miezi saba," akasema. "Mama, nimesafiri nchi za watu kwa sababu ya zile wiki mbili."

"Nisamehe."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo sikutaka kumuumiza, lakini nilishaanza kusema kweli. "Ulimgombeza yule mama aliyekuwa mbele yangu. Nikaogopa na mie nisije nikagombezwa mbele ya mtoto."

"Mama gani? Simkumbuki."

"Mie namkumbuka. Alikuwa na dera la kijani."

Mwanamke mzima yule, bingwa, akaweka viganja usoni. Nilidhani amekasirika, kumbe analia. Alipoweza kusema akanionyesha makabati kwa kidevu. "Wote hawa niliwauliza mie. Sasa sijui ni wangapi walinitazama usoni wakanipunguzia miezi." Akavuta daftari, akaanza kuorodhesha majina ya kina mama wa kuwapigia upya, mmoja baada ya mwingine. Akafuta ule mstari kwenye fomu, akaandika miezi saba kwa mkono wake. Ndipo nikasaini.

Nikamuuliza lile swali ambalo limenila miaka tisa. "Ni kuchua kwangu ndiko kulikoipeleka mapafuni?"

Nilimwona anatafuta maneno. Angeweza kunipoza, kila mtu hunipoza. Akasema, "Sijui, mama. Kuchua uvimbe wa namna ile si kuzuri, hilo nawakataza wote. Lakini kama ndiko kulikomuua Zuhura, sijui. Huenda ilishafika huko kabla hujamgusa. Nikijua, nitakuja Tandika kukwambia mwenyewe."

Nimepewa pole na watu wengi, hakuna aliyenituliza kama huyu aliyesema hajui.

Kabla sijaondoka nikaomba nimwone. Akatoa kioo chembamba, akakiweka kwenye hadubini, akanishika bega, "Funga jicho moja." Mwanzo niliona kope zangu tu. Halafu ikaja. Waridi na zambarau, zimeingiliana kama khanga mbili zilizolowekwa beseni moja zikaambukizana rangi. Nilijua ninachokitazama ndicho kilichomuua. Na bado nilisema mashallah, ikanitoka tu. Sijui kama nimekosea. Nilijua kuwa ni yake, hicho ndicho nilichojua. Nilimwita jina polepole, daktari akajifanya anapanga karatasi.

Leo sauti ya netiboli inatoka uwanja wa shule, wasichana wanapigiana kelele, "Nipe, nipe, niko huku!" Miaka mingi nilikuwa nafunga dirisha. Leo nimeliacha wazi.

Nawaomba nyie mnaosoma, mtoto akivimba mfupa na haupoi, msimlete kwangu. Mpelekeni hospitali, na mkiulizwa tangu lini, semeni tangu lini, hata mkigombezwa.

Mwenyezi Mungu aniwie radhi kwa hili la mwisho: namwonea wivu yule daktari. Jumatatu asubuhi atavaa koti lake, atavuta droo, atamweka mwanangu chini ya taa na kumtazama kwa utulivu, bila haraka, kwa jinsi ambayo mie mama yake sikumtazama kwa miezi saba.

Mie nitamwona lini?