Siku niliyompeleka mama kuwekewa kitanzi

Alhamisi. Upepo wa Same leo ni mkali, vumbi limeingia hadi kwenye mashuka. Nimefagia mara tatu na bado moyo hautulii.

Asubuhi mama alishuka kutoka milimani bila kunipigia simu. Aliitikia shikamoo yangu, akakaa, akaifunga kanga upya, kisha akasema huku anatazama sakafu:

"Mwanangu, sindano za uzazi wa mpango ziliisha pale zahanati. Tarehe yangu imepita siku nyingi. Na juzi, mimi na baba yako..."



Mama ana miaka arobaini na mbili. Alipomzaa mdogo wetu wa mwisho alivuja damu, nusura tumpoteze. Daktari alimwonya asibebe mimba tena. Baba mwenyewe ndiye aliyemsindikiza kupanda gari leo, ana hofu kuliko yeye.

Mimi nina miaka minne kwenye ndoa. Bado sijapata mtoto; siku zangu hazijawahi hata kuchelewa.

Nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba hajachelewa: kuna vidonge vya dharura, na kuna kitanzi cha shaba. Kitanzi kikiwekwa kwenye mfuko wa uzazi ndani ya siku tano tangu walipokutana kinazuia mimba, kisha kinaendelea kumkinga kwa miaka.

"Nipe kitanzi," mama alisema. "Nimechoka kuhesabu tarehe."

Wakaingia chumbani, nikabaki nje kwenye benchi, katikati ya wajawazito waliokuja kliniki.

Sasa naandika ambacho sijamwambia mtu, hata mume wangu. Mlango ulipofungwa, niliomba kisifanye kazi. Mimba iingie, mama ajifungue, aseme amechoka kulea, anikabidhi mimi mtoto.

Niliomba hivyo nikijua kinachoweza kumpata.

Alitoka anatembea taratibu, mkono tumboni. Akakaa karibu yangu.

"Najua si rahisi kwako kunileta mahali kama hapa," alisema. "Lakini ningemwendea nani mwingine?"

Sikuweza kumtazama.

Baada ya wiki tatu atapima mimba, kuhakikisha tu. Sasa amejinyoosha kitandani kwangu, anapumzika. Nimepiga magoti jikoni nikaomba abaki salama, kipimo kitoke bila mimba.

Maneno yametoka. Moyo ndio sijui kama umeyafuata.