Mita Nne Nilizozitilia Sahihi

Botswana,
Jumapili, baada ya misa.

Dada yangu Nyangeta,

Shikamoo dada. Mama naye mpe shikamoo yangu, na umsogelee karibu unapomsomea, maana uliniandikia kwamba sikio la kushoto halisikii tena. Mguu wako ulioteguka umepona? Na hapo shuleni kwenu, watoto bado wanakaa sakafuni? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Yaliyobaki yako humu chini, na naomba uyasome peke yako kwanza.

Barua yako imenifikia baada ya wiki tano. Unasema yule mwalimu wa Tarime tunayefundisha naye mji mmoja alikuja likizo, akasambaza hapo Bunda kwamba nimefukuzwa kazi, na sasa watu wanasema niliiba kompyuta ya shule. Dada, sikuiba kitu. Mkataba wangu ni kweli haukuongezwa. Lakini usikimbilie kuwajibu kwamba nimeonewa, kwa sababu hilo nalo si kweli lote. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Shule hii ilipewa kompyuta sita na wafadhili wa Ulaya. Pamoja nazo alikuja kijana wa hukohuko, tunamwita Bwana Tomasi. Ni mpole, amesoma hesabu sana, ila hajawahi kusimama mbele ya darasa. Aliandika programu ya kuonyesha mwendo wa kitu kinachorushwa. Unaiambia kompyuta kasi ya mpira na pembe ya kuurushia, nayo inauchora kwenye kioo ukipaa na kushuka, kisha inaandika umeanguka umbali gani. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wanafunzi kukokotoa jambo hilohilo kwa kalamu, halafu walinganishe majibu yao na ya kompyuta.

Unajua nilivyokuwaga nikifundisha mada hiyo pale Musoma miaka ile ya shida, chaki moja tunaikata vipande vitatu, vitabu viwili darasa zima, natoka nao uwanjani kurusha malimau. Kwa hiyo nilipoziona kompyuta hizo nilijisikia mtu aliyefika.

Siku ya kwanza tulirusha mpira wetu kwa kasi ya mita ishirini kwa sekunde, pembe ya nyuzi arobaini na tano. Kalamu ilisema utaanguka mita arobaini mbele. Kompyuta ikasema thelathini na sita kasoro kidogo. Darasa likanitazama. Bwana Tomasi akatabasamu, akaeleza kwamba tofauti hiyo ni hewa. Hesabu za ubaoni haziijali hewa inayouzuia mpira, lakini kompyuta inaijali. Maelezo yalikuwa mazuri, hata mimi niliyapokea. Mkuu wa shule alikuwa mlangoni. Akawaambia wanafunzi waandike jibu la kompyuta.

Kuna msichana pale anaitwa Lorato, mkimya, hukaa karibu na dirisha. Alikuwa amejifundisha kuisoma ile programu mstari kwa mstari. Kipindi kilipokwisha na wenzake kutoka, alibaki. "Mwalimu," akasema, "humu ndani hakuna hewa. Nimeisoma yote. Hakuna mstari wa hewa."

Tukaisoma pamoja. Kweli, ilikuwa na kasi, pembe na mvutano wa dunia, basi. Na kosa tukaliona palepale. Sisi tunapima pembe kwa nyuzi, lakini kompyuta hutumia kipimo kingine, na Tomasi alisahau kugeuza. Arobaini na tano yetu kwake ilikuwa pembe nyingine kabisa, ambayo kwa bahati mbaya ilitoa jibu la kukaribiana na la kweli. Tukajaribu nyuzi thelathini. Mpira haukupaa hata kidogo, ulizama ardhini moja kwa moja. Lorato alicheka mpaka akashika meza.

Tomasi alikuwa amesafiri kwenda mji mkuu kuwapokea wafadhili, kwa hiyo kesho yake nilimwendea Mkuu. Nilimweleza yote, nikamwomba nirekebishe mwenyewe. Akanikataza kugusa kazi ya mtu. Wafadhili wanafika wiki ijayo, akasema, na shule haiwezi kumwaibisha mtu wao kwa ajili ya mita nne. Kisha akanisogezea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, kwamba mwalimu wa fizikia ameikagua programu na kuridhika, na kwamba tofauti ya majibu inatokana na hewa. "Mikataba ya wageni inajadiliwa mwezi huu," aliniambia, "wewe mwenyewe unajua." Akanipa kalamu yake.

Nikatia sahihi.

Dada, nilimfikiria Pendo na watoto, mwaka wa pili sasa wako Kibara kwa wakwe zangu wakingoja niwaite huku. Nilizifikiria barua zako, kwamba siku hizi maduka ya Bunda yamejaa kila kitu na mwalimu anavitazama tu kwa nje, kwamba mwaloni Mwigobero minofu ya sangara inapakiwa kwenye malori ya barafu na watu wetu wanagombea vichwa. Nikajiambia sirudi kwenye hayo kwa ajili ya pembe moja.

Kipindi kilichofuata Lorato alisimama awaeleze wenzake tulichokiona. Mbele ya wote nilimwambia, "Kaa chini. Hujafika kiwango cha kuikosoa kompyuta." Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetafuta alipokosea, akakaa.

Wageni wakaja. Tomasi aliwaonyesha nyuzi arobaini na tano, wakapiga makofi. Mama mmoja kati yao akauliza itakuwaje pembe ikishushwa, akabonyeza thelathini kwa mkono wake. Mpira ukazama. Akarudia, ukazama. Wakaanza kucheka, kwanza kwa adabu. Tomasi, uso mwekundu, akasema programu ilikaguliwa na mwalimu wa fizikia. Mkuu akaitoa karatasi yangu kwenye faili bila hata kuitafuta.

Waliponiita mbele ya kamati ya shule nilisema nilimwarifu Mkuu mapema. Hakukana. Aliniuliza tu, "Kama ulijua, kwa nini ulitia sahihi?" Wote wakanigeukia. Barua ya kutoongezewa mkataba niliipata wiki hiyohiyo. Tomasi yeye aliongeza mstari mmoja kwenye programu, kazi ya dakika mbili, na sasa kalamu na kompyuta zote zinasema arobaini. Yupo, anaendelea.

Juzi nilimtafuta Lorato nimwombe radhi. Nilimkuta chumba cha ushonaji. Ameacha fizikia, baba yake amesaini fomu ya kuhamia ushonaji, na muda wa kubadilisha umepita. Nikamwambia yeye ndiye alikuwa sahihi, na kwamba nilijua siku ile nilipomkalisha.

Akaweka kitambaa mapajani. "Mimi nilidhani ulikokotoa tena ukaona nimekosea," akasema. Kisha akaendelea na pindo lake. Kengele ilipolia nikatoka.

Mkuu namchukia, dada, sikufichi, na sijui kama padri ataniondolea hilo. Lakini si yeye aliyemwambia yule mtoto akae chini.

Nisalimie shemeji, mumeo. Nilisikitika kusikia wamempunguza kazi kwenye pamba. Mjomba Mafuru, katekista wetu wa Butiama, mwambie asinitangaze kwenye sala za jumuiya. Pendo nimemwandikia barua yake, ila ukipata mtu wa kwenda Kibara mwambie wasiuze kitanda, safari ya kuja huku haipo tena. Watoto wako uwashike kichwa mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Natoka huku mwisho wa mwezi, kwa mabasi, kupitia Zambia. Siku ya kufika usimtajie mtu. Nikishuka stendi ya Bunda nataka nitembee mwenyewe mpaka nyumbani Kabasa na sanduku langu, asiwepo wa kunipokea, asiwepo wa kuniita mwalimu.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Mugeta