Mzizi Uliochemshwa Darsait

Darsait, Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na wanangu, wanakusikiliza au wamekupanda kichwani? Simu yako haipatikani wiki nzima, ndiyo maana nampa barua hii mwenzangu anayerudi Tanga kesho. Mimi mzima, ila naandika kwa haraka, univumilie mwandiko.

Unaujua ule mmea unaotambaa kwenye uzio wetu, wenye maua mekundu na njano kama ndimi za moto? Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama wa Kihindi, ameupanda kwenye ndoo barazani. Katika tiba yao ya jadi mzizi wake ni wa uchungu wa uzazi: husagwa, ukapakwa nyayoni, na mtoto akishatoka dawa huoshwa nyayoni mara moja. Alimpa Bibi, mama wa bosi wangu, kipande kwa ajili ya mjukuu wake Salma, ambaye mimba yake ilikuwa imetimia. Akasisitiza mbele yangu kwamba ukinywewa unaua.

Bibi ni Mzanzibari hasa. Kwake dawa ya mzazi hunywewa, kama kombe la aya za Kurani. "Dawa isopita kooni itamfikia vipi mtoto?" akaniuliza jirani alipoondoka.

Juzi asubuhi uchungu ukamshika Salma. Naingia jikoni, Bibi ameshauchemsha, anamimina kikombeni.

"Bibi, jirani alikataza."

"Mie nnajua uzazi tangu mamako hajazaliwa. Mpelekee."

Niliogopa, Mama. Nikikataa narudishwa nyumbani, nikitii nimeua. Salma analia chumbani, mumewe bado yuko njiani na gari. Nikakiinua kikombe. "Basi nianze mimi, tuone."

Kilishanigusa mdomo Bibi alipokipiga kofi, kikapasuka sakafuni. "Una wazimu? Wewe una watoto!"

"Na Salma je, Bibi?"

Akaketi juu ya gunia la mchele. Mume akafika, tukamkimbiza Salma hospitali. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Bibi hajanisemesha tangu siku hiyo. Ananimiminia chai mwenyewe, kisha anageuza uso. Kama nafukuzwa au nasamehewa, sijui.

Msalimie kaka, na shangazi anayekusaidia kuchota maji. Wanangu wabusu.

Na ule mmea, Mama. Mzizi wake unafanana na kiazi, na wanangu hao wawili unawajua, hawachagui cha kutafuna. Chukua jembe sasa hivi, kabla hujaikunja barua.

Mwanao,
Zuhura