Maingu Amekuona Kabla Yangu

Ilemela, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Mama Bwire,

Nakusalimu sana, wewe pamoja na mama yako unayemuuguza. Mpe shikamoo yangu, umwambie mkwewe anamwombea. Miguu yake inaendeleaje? Na kifua chako, kimeacha kubana? Huku kwa mwanao tu wazima. Bwire anakwenda kazini kila siku, na mkwe wetu Tabitha ananilisha kama mbuzi anayenoneshwa kwa ajili ya Krismasi. Shida ni jicho tu. Nimeona nikueleze kwa barua, maana kwenye simu unaweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza. Haya ni yako peke yako. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usizicheke herufi zangu.

Unajua sikutaka kusafiri na Maingu. Ni wewe uliyesema, "Nendeni pamoja, mtashikana mikono." Mimi nishikane mikono na Maingu! Mtu aliyetuma washenga kwa baba yako kabla yangu, na ambaye tangu afiwe na mkewe kila siku ana sababu ya kupita nyumbani kwetu, mara kaleta machungwa, mara kapoteza kondoo. Lakini sote wawili tulikuwa na mtoto wa jicho, na kliniki ilikuwa moja. Tukapanda meli pale Nansio, kisiwani kwetu, kila mmoja akimkanyaga mwenzake.

Tulipasuliwa siku moja, jicho la kulia kwa kila mtu, vitanda vyetu jirani. Kesho yake muuguzi akaja kutufungua bandeji. Mama Bwire, miaka yote hii nilikuwa naona dunia kama mtu aliyefunikwa mfuko wa nailoni. Usiku kucha nilikuwa nimeomba uso wa kwanza kuuona uwe wa mtu wa kwangu. Nikafumbua jicho. Uso wa kwanza ulikuwa wa Maingu, anacheka, meno yote nje.

"Magesa!" akasema. "Kumbe umezeeka hivi?"

"Jitazame wewe kwanza," nikamjibu. Lakini nilifurahi, sitakudanganya. Niliona hata nyufa za ukutani.

Furaha haikukaa. Siku chache baadaye, hapa kwa Bwire, nikaona nzi juu ya sahani yangu ya ugali. Nikampiga. Hakuondoka. Nikampiga tena, mchuzi ukaruka.

"Baba, unapiga nini?" Tabitha akauliza.

"Nzi."

"Hakuna nzi, baba."

Kweli hakuwepo. Walikuwa ndani ya jicho langu. Nzi wawili watatu, na uzi mmoja uliojikunja kama nywele kwenye sabuni. Nikitazama kushoto wanaogelea kushoto, nikitazama juu wanapanda. Nikikaa barazani kutazama ziwa, wanaelea juu ya maji yote hadi upande wa kwetu.

Siku ya kliniki nikamwambia daktari, binti mmoja mpole lakini hana mzaha. Akanieleza kwamba ndani ya jicho kuna ute kama ute wa yai. Uzeeni, na mara nyingine baada ya upasuaji, ute ule hulegea na kujitenga, na vipande vyake vinatupa vivuli. "Hao utawazoea, mzee," akasema. "Lakini wakiongezeka ghafla, au ukiona mwanga kama radi pembeni, au kama pazia linakuziba, usilale nyumbani. Njoo siku hiyohiyo." Akasema nibaki Mwanza aendelee kuniangalia.

Akamgeukia Maingu. "Na wewe, mzee, unaona nini?"

"Mimi? Naona safi kama maji ya mtungini."

Akaruhusiwa. Kesho yake akapanda meli. Nilimsindikiza kwa heshima tu. Aliruka ubao wa kupandia kama kijana, na mimi nikabaki bandarini na nzi wangu. Mke wangu, nilimwonea wivu mpaka mate yakawa machungu. Tumepasuliwa na daktari mmoja, kwa kisu kimoja labda, yeye akapewa jicho na mimi nikapewa jicho na wadudu. Na huyo anakwenda na jicho lake jipya mahali ulipo wewe.

Nikaanza kuhesabu kichwani. Sasa ameshuka. Sasa amefika kwake. Sasa amevaa shati safi, anapita kwetu kutoa taarifa za mgonjwa. Tabitha akaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Kisha wiki iliyopita akarudi kwa ajili ya kliniki yake, akaja moja kwa moja hapa na mfuko wako wa michembe, viazi vyetu vya kukaushwa, na samaki wakavu. Asante sana. Lakini kwa nini umpe yeye? Mtoto wa dada yangu anavuka kila Jumatatu.

Tukakaa barazani, yeye upande wangu wa kulia. Bwire alikuwa kazini, Tabitha sokoni. Akaanza kumenya chungwa na kuzungumza.

"Mkeo hajambo," akasema. "Nilimkuta uani, ametoka kuoga, anakausha nywele. Zimekuwa nyeupe zote, Magesa. Nyeupe kama pamba. Zimempendeza sana."

Mama Bwire, mimi sikujua. Wewe unafunga kilemba, na mimi nimekuwa kipofu nusu. Mara ya mwisho kuziona vizuri, mvi zilikuwa za kuhesabu, hapa juu ya sikio. Mtu mwingine ananieleza mke wangu anavyoonekana, tena anamenya chungwa! Nilitaka kumtupa kwenye yale mawe chini ya nyumba.

Sasa sikiliza, hili hukuambiwa. Tangu jana yake nilikuwa naona radi. Cheche za mwanga pembeni ya jicho, hata nikiwa nimefumba. Asubuhi ile nzi walikuwa wamekuwa kundi, kama masizi yamepulizwa. Na upande wa kulia giza lilikuwa limeanza kuingia. Nilinyamaza. Nilijua daktari akisikia hatanipa ruhusa, na Maingu atatangulia tena.

"Chukua," Maingu akasema.

Sikuona kitu.

"Magesa, nakwambia chukua. Nimeshika nini?"

"Chungwa," nikasema.

Akasogea mbele yangu, nikamwona. Alikuwa hacheki.

"Chungwa liko mapajani kwangu," akasema. "Mkono ulikuwa mtupu. Umeanza lini?"

"Niache."

"Umeanza lini?"

"Jana."

"Vaa viatu."

"Maingu, wewe si baba yangu."

"Vaa viatu, au nakubeba mgongoni na majirani waone."

Nikavaa. Akasimamisha bajaji, akamwambia dereva akwepe mashimo, akanishika bega njia nzima. Hospitali kulikuwa na foleni hadi nje. Akapita mbele ya watu wote, wakampigia kelele, naye akapiga kelele zaidi, "Mwenzangu anaona pazia!" Yule daktari akatoka mwenyewe.

Akaniangalia muda mrefu kwa taa kali. Akasema ngozi ya ndani kabisa, ile inayopokea picha, imechanika ukingoni na imeanza kubanduka. Ningekaa siku chache zaidi jicho lingekwenda. Wakaishona kwa mwanga, pu, pu, pu, huku kichwa changu kimebanwa. Kabla ya hapo daktari alimuuliza Maingu, "Wewe ni nani wake?"

"Ndugu yangu," akasema. "Nilitaka kumwoa mkewe, akaniwahi."

Daktari akacheka. Mimi sikucheka.

Maingu aliikosa meli yake. Alilala hapa, kwenye mkeka miguuni pangu, akanikoromea hadi asubuhi, ndipo akavuka kurudi huko. Nilimshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe, na haikuwa rahisi. Pazia limekoma pale lilipofika. Nzi wapo, daktari anasema watabaki. Juzi amenikagua tena, akaniruhusu kusafiri Jumamosi, nisibebe mzigo mzito, na radi ikirudi nigeuze siku hiyohiyo.

Usidhani wivu umeniisha kwa sababu ameniokoa jicho. Umezidi. Zamani nilimchukia kwa raha zangu, sasa hata hiyo amenipokonya. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa tayari kupoteza jicho ili asikufikie kabla yangu, na ningefika nyumbani nisikuone kabisa. Nimelifikiria hilo sana.

Nisalimie dada yangu Nyangeta, umwambie dawa yake ya miguu nimepata. Msalimie mchungaji na wazee wenzangu wa kanisa, na jirani yetu Mama Kulwa anayekusaidia kuteka maji. Wajukuu wapige magoti wamwombee babu yao. Jumamosi asije mtu yeyote bandarini, njoo wewe tu, nami nitakutafuta mwenyewe kati ya watu.

Maingu naye msalimie. Lakini msalimie ukiwa mlangoni, usimkaribishe kiti.

Mimi mumeo,
Magesa