Walii wa Bibi Mwatum

Malindi, Unguja
12 Machi 1956

Mpendwa dada yangu Shemsa,

Pokea salamu za ndugu yako Hamad, mtu mwenye bahati kuliko wote kisiwani. Sisi hatujambo, na mimi nazidi kunawiri. Vipi Mombasa? Shangazi Mwanapili, mama yako, kifua kimempa nafuu? Msomee barua hii polepole, na umwekee mto mgongoni kabla hujaanza.

Bahati yangu ndiyo hii. Niliingia afisi ya kadhi, karani akaniinukia na kunipa kiti chake. Nikachukua daftari la kwanza la ndoa za zamani, likafunguka pale pale kwa bibi yetu Mwatum. Wenye vyeti vyao wangetafuta mwaka mzima. Mimi wa darasa la tatu, hata kahawa yangu haijapoa.

Wewe ulizaliwa huko, hukulisikia neno lililomhamisha mama yako mji huu. Watu wakimwambia kuwa mama yake, Bibi Mwatum, hakuwa na baba, maana aliozwa na kadhi, kama anavyoozwa asiye na mwanamme yeyote wa upande wa baba wa kuwa walii wake. Bibi alikufa mapema, akakosekana wa kujibu. Shangazi akaondoka na swali lake, na mpaka leo analala nalo.

Sasa sikiliza daftari linavyosema: Mwatum binti Ame, walii wake Makungu bin Ame wa Makunduchi, ndugu yake kwa baba, kadhi amefungisha kwa uwakala wa walii huyo. Umefahamu? Kaka mtu alikuwapo. Wanawake waliokuwa ndani walisikia sauti ya kadhi tu, basi mengine wakajitungia.

Sikungoja. Nikapanda gari la Makunduchi, nikamkuta mtoto wa huyo Makungu, Mzee Mkubwa, anasokota kamba ya makumbi. Nikamwamkia, nikajitaja kuwa mjukuu wa Mwatum binti Ame. Kamba ikamtoka mkononi.

"Mwatum shangazi yangu? Mlikuwa wapi nyie?"

"Mjini, mzee. Tukiambiwa hatuna kwetu."

"Na sisi tukijua mshakuwa watu wa mji, mnatuonea haya. Baba alikwenda mwenyewe kumwoza dada yake. Kutamka ndiko alikomwachia kadhi, maana mbele ya watu ulimi ukimganda. Wewe huu wako umeutoa wapi?"

Nikamwambia huu wa mjini. Akacheka, kisha akalia, na mimi nikamsaidia.

Mwambie shangazi: babu yake ni Ame wa Makunduchi, aliyeoa mjini akafa binti yake angali mdogo. Nduguze wamejaa kijiji kizima. Mzee Mkubwa anasema Mwaka ukikogwa, ile sikukuu yao ya mwaka mpya, aje, na asije kama mgeni.

Mke wangu Mashavu anakusalimu. Nisalimie shemeji Nahodha na mwanenu Sichana. Mungu ampe shangazi nguvu za kupanda meli.

Shangazi atataka kumwombea dua aliyeipata khabari hii, kwa hivyo niseme kweli. Si mimi. Karani alinitoa nje kwa maneno mengi. Aliyekaa na madaftari yale mpaka macho yakamvimba ni Mashavu. Mimi nilikuwa barazani nakunywa kahawa. Ile bahati niliyojisifia ni uwongo mtupu. Dua ni ya Mashavu.

Nduguyo akupendaye, mwenye kwao,
Hamad