Shimo la Rehema Limetoa Dhahabu

Jumamosi jioni, kambini, nyuma ya kijiji cha Goweko. Joto la Oktoba limegoma kupungua, na mimi nina wivu. Nimeona niandike hivyo hivyo bila kupamba.

Mimi ni mjiolojia. Watu hudhani sisi tukifika tu tunachimba. Hapana. Unatembea porini mwezi baada ya mwezi, unachota udongo kidogo kidogo na kuupeleka maabara. Udongo ukionyesha dalili ya dhahabu, unachimba mitaro mifupi kuutazama mwamba. Mwamba ukikuvutia, ndipo inaletwa mashine ya kuchoronga, inayotoboa chini na kutoa vipande vya mwamba virefu kama fimbo. Sehemu nyingi huishia hapo. Wapo wenzangu waliostaafu bila kuona hata eneo moja walilolitafiti likiwa mgodi.

Udongo wa pori hili nimeuchota mimi, msimu baada ya msimu. Rehema, mjiolojia mwenzangu, ameletwa juzi juzi tu.

Bosi alimpa kila mmoja wetu nafasi ya kuchagua shimo moja. Mimi nikachagua karibu na kilima. Yeye akachagua kando ya mbuga, mahali nilipopita mara nyingi bila kusimama. Shimo langu likatoa mwamba wa kijivu mtupu mwanzo mpaka mwisho.

Alhamisi asubuhi lake likatoa jiwe jeupe. Akanikimbilia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kaka Masanja, njoo uone wewe kwanza. Macho yangu siyaamini."

Nikaweka lenzi jichoni. Punje ya njano ilikuwa imekaa ndani ya jiwe, imetulia.

"Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe," nikasema, nikamrudishia jiwe.

Wachorongaji wakapiga kelele za furaha. "Bahati ya mgeni," nikasema kwa sauti, makusudi asikie. Alicheka kidogo, kisha akaligeukia jiwe lake. Jioni wakachinja mbuzi. Mimi nikasingizia kichwa, nikalala hemani nikiwasikia wakimwita Mama Dhahabu.

Jana mama alinipigia simu kutoka Kwihara. Nikamsimulia yote nikitegemea atakuwa upande wangu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo binti ameolewa?"

"Mama!"

"Nauliza tu, baba. Binti mwenye macho kama hayo hapatikani kila siku."

Hata mama.

Lakini kilichonifanya niandike ni cha leo. Shimo moja si mgodi. Lazima utoboe mengine kulizunguka ujue mshipa wa dhahabu unaelekea wapi, una urefu gani, unashuka mpaka wapi. Ndipo yaje mahesabu, leseni, na mazungumzo na wenye mashamba. Mashimo yanayofuata yakitoka matupu, kampuni inafunga kambi, na vijana wote wanarudi nyumbani.

Mchana Rehema alikuja na ramani.

"Kaka, nimekwama. Nilipanga tufuate upande wa magharibi, lakini sina uhakika. Wewe ungetoboa wapi?"

Nilijua. Kwenye mitaro yangu nyufa zote za mwamba zililalia kaskazini mashariki, na dhahabu hufuata nyufa. Kule alikopanga yeye hakuna kitu. Ningeweza kusema, "Hapo ulipopanga panafaa," na hakuna ambaye angenilaumu. Ningeonekana nimemheshimu.

Niliizungusha ramani mikononi mpaka akauliza kama kichwa bado kinauma.

Nikachukua kigingi na nyundo, nikaanza kutembea. Akanifuata. Nikakipigilia ardhini kaskazini mashariki ya shimo lake.

"Hapa. Hizo nyufa nimezitazama mwenyewe."

"Basi hili ni shimo lako."

"Ni mshipa wako," nikamjibu. Sauti yangu haikuwa nzuri, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Mashine inahamia pale Jumatatu. Nataka shimo hilo likute dhahabu, kwa ajili ya vijana wa kambi na kwa ajili ya mitaro yangu. Na kuna sehemu ndogo ndani yangu inayotaka litoke tupu, ili asiitwe tena lile jina.

Nimetoka kuomba sasa hivi. Nimeomba likute. Imebidi nirudie ombi lenyewe, maana mara ya kwanza sikumaanisha.