Ubao Mpana

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Mwenyeji wangu Omari hupanda mawimbi kwa ubao. Jana alinipeleka kwa fundi wa mashua nichague wangu. Nikashika mmoja mfupi, mwembamba, uliopigwa randa vizuri. Fundi akaniuliza, "Kuogelea unajua?"

"Kidogo."

"Basi chukua huu mpana. Huo utakuzamisha."

Niliona haya, lakini nikauchukua. Leo asubuhi niliingia baharini mpaka maji ya kifua. Wimbi likaninyanyua, nikafumba macho, nikaukumbatia ubao, nikaja kutupwa mchangani, mzima. Omari anataka kesho twende mbali zaidi. Nimemkubalia, ila tangu hapo chakula hakinipiti.

Niombee dua, dada yangu. Nakukumbuka sana. Mama usimwambie mpaka anione mlangoni.

Mdogo wako,
Hamisi